Nimestaafu, nataka kwenda Mbeya kwa kinga kutoka Lubumbashi. Watoto wanakataa, naomba ushauri

FundiWaKatuba
Jambo wapendwa. Nina miaka 63, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nimekuwa fundi wa mashine miaka 34, mwaka jana nikapumzishwa. Dada yangu aliolewa Mbeya tangu 1983. Amerudi kwetu mara mbili tu, zote kwa matanga: ya baba, kisha ya mama. Mimi sijawahi kukanyaga kwake. Kila mwaka nilisema mwakani. Sasa siku ninazo, na nataka kwenda kwa kinga, wengine mnaita baiskeli.

Nauli ya basi ninayo. Lakini kwa Phoenix hii, niliyoinunua 1996, nimekwenda kazini na kurudi maisha yangu yote, njia ileile, na kila asubuhi nilijiuliza ingekuwaje nisipokata kona ya kiwanda.

Nimepiga hesabu: Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi, kisha Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, Mpika, Nakonde, Tunduma, Mbeya. Jumla inakaribia 1,300. Nikienda 60 kwa siku na kupumzika Jumapili, wiki nne hazifiki.

Binti yangu mkubwa amelia mbele yangu. "Papa, watu watasema tumeshindwa kukulipia hata basi. Kinga ni ya watu wa makala." Yaani wauza makaa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Tena nameza dawa ya presha. Nisaidieni: njia gani, na niseme nini na watoto?

MamaWaKamalondo
Papa, mimi ni muuguzi, acha nianze na presha. Mwone daktari wako kabla hujagusa pampu. Kama dawa yako ni ile ya kukojoza, mwambie utatoka jasho saa sita kwa siku, yeye ndiye aseme kipimo kibaki au kibadilike. Usiiache mwenyewe kwa kuwa unajisikia vizuri. Beba ya wiki sita. Maji ya chumvi na sukari ni ya siku ya kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wewe mwenye presha usiyafanye kinywaji cha kila siku. Na kadi ya homa ya manjano, mpakani wanaiomba.

Dereva_Tunduma
Shikamoo mzee wangu. Naendesha lori Dar hadi Lubumbashi, naomba unisikilize kama mwanao. Kongo tunapita kulia, ukivuka Kasumbalesa ni kushoto mpaka Mbeya. Hatari si pale mpakani, pale kila mtu yuko macho. Hatari ni kesho yake, umesimama kunywa chai, unapanda tena, mwili unakurudisha upande wa kwenu. Funga kioo kwenye usukani, mkono wa kulia, ndiko tutakakokupita.

Lori lenye shaba haliwezi kukukwepa. Ukiona jingine linakuja mbele na mimi niko nyuma yako, shuka barabarani kabisa, simama kwenye majani. Usishindane hata kidogo.

Ondoka mwishoni mwa Mei. Mvua imekwisha, na ule upepo wa mashariki wa Agosti, ambao utakupiga kifuani, bado. Asubuhi baridi kali, beba koti. Miguu ikikataa Mpika, kuna kituo cha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo inafika Mbeya. Uliza palepale kama treni ya abiria inatembea.

LekiWaMokambo
Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, kuna njia nyingine yenye malori machache. Chingola unakata Mufulira, unaingia tena Kongo hapa Mokambo, kilomita 70 hivi hadi Chembe. Mto Luapula sasa una daraja tangu 2008, zamani ulikuwa wa pantoni. Halafu Mansa, Luwingu, Kasama, Mbala, Nakonde. Utapigiwa mihuri mingi kwenye pasipoti, kwa hiyo uliza mapema kama utaruhusiwa kuingia Zambia mara mbili. Kibemba chetu kinakufikisha Kasama bila shida.

Dereva_Tunduma
Kweli malori machache, lakini maduka pia machache, na kinga ikivunjika unalala porini. Mzee aamue.

MtuWaMakala
Papa, nimesoma neno la binti yako. Mimi ndiye huyo mtu. Miaka 11 nimeleta makala mjini kutoka upande wa Kasenga, nikisukuma milimani usiku. Makala hayo yamepika bukari, yaani ugali, ya nyumba nyingi na yamesomesha watoto wangu watatu. Simlaumu, mama yangu alisema vilevile. Mwambie tu kwamba kinga ni kazi ya kuheshimiwa.

Sasa gurudumu. Phoenix ya zamani ina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Zinazokatika kwanza ni za nyuma, upande wa mnyororo. Geuza kinga miguu juu, piga kila spoki kwa ukucha. Zote ziwe na sauti moja. Ile inayotoa sauti nzito imelegea, na ikilegea moja, jirani zake ndizo zinabeba mzigo wake, kesho zinakatika mbili. Beba spoki kumi na ufunguo wake. Mzigo uuning'inize chini, pande zote mbili za gurudumu. Ukiuweka juu ya keria, kwenye mteremko kinga itakuyumbisha.

BintiWaLikasi
Papa yangu alitaka kwenda kwa miguu hadi kijiji chake cha kuzaliwa. Tulimkatalia kwa pamoja, akanyamaza, hakulitaja tena mpaka tukamzika. Naandika nikiwa na machozi. Usimwombe binti yako ruhusa, mpe kazi. Mwachie daftari lenye vituo vyote, umpigie yeye kila jioni, na awe yeye wa kuwaambia wengine umefika wapi. Mwenye habari haoni haya mbele za watu.

FundiWaKatuba
Nimesoma yote, mengine mara tatu. Jumamosi nilikwenda Kipushi na kurudi, kilomita 60. Goti la kushoto liliuma mpaka nilipoinua kiti vidole viwili, likatulia. Daktari nitamwona Jumatano. Njia nimechagua ya Kapiri, kwa ajili ya maduka na reli. Daftari nimempa binti yangu. Hakusema ndiyo. Alilifungua, akauliza Serenje ni wapi, akaandika namba ya shangazi yake kwenye jalada.

Mdogo wangu wa makala, nimepiga spoki za nyuma. Nne zina sauti nzito, zote upande wa mnyororo. Niko hapa Katuba.

MtuWaMakala
Usizikaze mwenyewe, Papa, rimu itapinda. Fungua gurudumu la nyuma tu, nitumie ujumbe wa faragha, Jumapili baada ya misa nitapita kulichukua.