Kijito cha Düssel: nianzie wapi kutembea?

MwanaHuruma
Wadau, habarini. Dada yangu anasoma Düsseldorf, Ujerumani, na mwezi wa sita nitamtembelea. Mimi nakaa Huruma, Nairobi, karibu na Mto Mathare, na Jumamosi huwa tunazoa taka ukingoni na vijana wa mtaa. Kwa hiyo maduka ya huko hayanihusu. Nataka kuona kijito kilichoupa mji ule jina. Nikifuate kutoka chemchemi, au nianzie mjini?

FundiBomba
Usianzie mjini, utavunjika moyo. Nimeishi huko. Düssel ina urefu wa kilomita 40 hivi, kutoka mashamba ya Wülfrath hadi mto Rhine, lakini ikifika katikati ya mji imefunikwa sehemu nyingi. Yale maji ya mfereji wa Königsallee, wanakopigia picha wageni, ni yake.

Panda treni ya S28, ushuke Neanderthal. Hapo ndipo mwaka 1856 wachimba chokaa walipotupa nje mifupa ya pangoni, na mwalimu Johann Carl Fuhlrott akatambua kuwa ni ya binadamu wa kale. Pango lenyewe hutaliona. Kijito kilikuwa kikipita katikati ya magenge marefu ya mawe, yakachimbwa yote kwa ajili ya chokaa. Bonde lilifanywa hifadhi mwaka 1921, magenge yameshakwisha. Mimi hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Ila miaka ya 1997 na 2000 watafiti walirudi kuchambua kifusi kilichotupwa na wale wachimbaji, wakapata mifupa zaidi. Kipande kimoja kilikaa sawasawa kwenye mfupa wa paja wa 1856! Kwa hiyo usidharau kifusi, ndugu yangu.

Nyakio_K
Ukifika Gerresheim, mtaa wa mashariki mwa mji, utaona kijito kinagawanyika, mkono wa kaskazini na wa kusini, na kila mkono unatoa tawi jingine. Kinaingia Rhine kwa midomo minne. Usikione kidogo ukakidharau: Julai 2021 kilifurika mpaka ndani ya nyumba za watu.

MwanaHuruma
Asanteni sana. Hayo ya mafuriko nayajua, Aprili 2024 mto wetu ulitubebea majirani. Basi nashuka Neanderthal, nafuata maji hadi Gerresheim. Nyakio, wenye nyumba zilizofurika bado wanakaa palepale? Ningependa kuongea nao, dada atanitafsiria.