Mrejesho: Fundi wa bustani na ukoka uliokauka

Mwezi uliopita niliuliza nani abebe hasara ya ukoka uliokauka wiki 3 baada ya kupandwa nyumbani kwangu Kigamboni, ilhali fundi alikwisha kulipwa asilimia 70 na hatukuwa na mkataba wa maandishi.

Mlinieleza kwamba chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba halali, ila shida ni kuyathibitisha. Niliporudia jumbe zetu za simu nilikuta, kwa aibu kidogo, kwamba jukumu la kumwagilia nililichukua mimi, na tangi langu lilikauka siku 5; yeye naye alikiri kwamba samadi aliyoahidi hakuimwaga yote.

Tumeandikiana upya: atapanda tena sehemu zilizokufa bila kudai malipo ya ufundi, nami nitanunua miche na kumwagilia asubuhi na jioni. Asilimia 30 iliyobaki nitailipa siku 60 baada ya kupanda, tukishakagua pamoja, na kazi yoyote ya nyongeza itaanza baada ya bei yake kuandikwa na kusainiwa. Alianza Jumatatu.