Tupeane uzoefu: vitabu vya kwenye simu, safari ya Amu na Malindi

Msafiri wa Mokowe: Wadau, kazi yangu ni Amu na Malindi: boti hadi Mokowe, kisha basi. Vitabu ninavyo tele kwenye simu, ila kukipata ninachokitaka ndiyo shughuli. Vingine vina majina ya namba tupu. Nyinyi mnavipangaje?

Bi Mkomani: Kwangu kompyuta ya nyumbani ndiyo ghala, simu ni kikapu cha safari tu. Natumia Calibre, programu ya bure aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006. Unasahihisha jina la kitabu na la mtunzi, unabandika lebo, basi. Lebo zangu ni "nasoma", "bado" na "rejea". Wenye lebo chungu nzima sijui husoma saa ngapi. Ila folda zake usizipangue kwa mkono, itapoteza faili.

Maalim Mstaafu: Bibie, umesema kweli, lakini pana jambo kwenye majina. Programu hiyo hupanga watunzi kwa neno la mwisho, kizungu. Muyaka bin Haji utamkuta kwenye H! Nani pwani hii amtafutaye Muyaka kwa Haji? Fungua taarifa za kitabu, pale pa kupangia mtunzi andika jina lote kama tulitamkavyo.

Kijana wa Shela: Mie kompyuta sina. Faili naziita mtunzi, kitabu, mwaka, zote kwenye memori kadi. Riwaya nachukua za EPUB, aina ya faili za vitabu, maana maandishi yake hujipanga kufuata upana wa kioo. PDF ukurasa ni ule ule, unavuta kushoto kulia mpaka macho yaume. Na kabla ya kushuka gatini nazima data, nafungua kila kitabu. Jalada laweza kuonekana kumbe kitabu chenyewe hakijashuka.

Msafiri wa Mokowe: Hiyo ya kuzima data nimeichukua. Maalim, na tenzi za zamani zilizopigwa picha, nazo nizigeuze EPUB?

Maalim Mstaafu: Ziache, mwanangu. Ukurasa wa picha hauna herufi za kupangwa upya. Hata zilizochapwa kwa herufi, ukikuza maandishi kwenye EPUB mshororo hukatika katikati, ubeti wa mistari minne ukawa saba, na kina hukioni kilipo. Mimi tenzi huziweka folda yake peke yake, PDF, na simu nailaza.

Bi Mkomani: Na miwani, Maalim. Usiifiche.