Ushauri: mafaili ya picha za setilaiti za mikoko ya Lindi, tuyapange vipi?

Mwanafunzi_Lukuledi:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi za ramani na picha za setilaiti.

Tuko kundi la wanafunzi, mradi wetu wa mwaka wa mwisho ni mikoko ya mlango wa mto Lukuledi hapa Lindi pamoja na mashamba ya chumvi yanayopakana nayo. Tunataka kuona mikoko imepungua wapi na imeongezeka wapi tangu miaka ya 1990. Picha za zamani ni za Landsat, za kuanzia 2016 ni za Sentinel-2. Zote ni za bure, kuzipata si shida. Shida ni kwamba zimetapakaa, nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye laptopu za wenzangu. Unafungua folda unakuta "Lindi mpya", "Lindi mpya 2", "mikoko safi". Msimamizi akiuliza ramani hii imetoka kwenye picha ipi, tunatazamana.

Tupange kwa mwaka, kwa setilaiti, au kila mtu abaki na folda yake? Na yale majina marefu yanayokuja na picha, tuyafupishe?

Mpima_Ardhi:
Majina marefu msiyaguse, mdogo wangu. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha picha. Kwenye la Sentinel, S2A, S2B au S2C inakuambia ni setilaiti ipi. MSIL2A maana yake picha imeshaondolewa athari za anga. Inafuata tarehe na saa: ukiona T0736 hiyo ni saa ya kimataifa, ongeza tatu, unapata kama saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu. Mbele utakuta T37L na herufi mbili, hicho ni kigae chako, mraba wa takriban km 110 kila upande. Ukiliandika "Lindi mpya" yote hayo yamepotea, na zipo programu zinazogoma kufungua folda ya Sentinel iliyobadilishwa jina.

Folda ya kwanza iiteni GHAFI, ndani yake gaweni kwa setilaiti kisha kwa mwaka. Humo hakuna anayefanyia kazi, mtu ananakili anatoka. Kukata eneo, kuunganisha bendi (tabaka za rangi za picha) na kukokotoa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kunafanyika kwenye folda ya KAZI. Ramani na majedwali yanayoingia kwenye ripoti yanakaa MATOKEO. Folda ya kila mtu hapana kabisa. Mwenzenu mmoja akisafiri na laptopu yake, sehemu ya mradi imesafiri naye.

Majina mnayotunga ni ya mafaili ya KAZI tu, na yaanze na mwaka ili yajipange yenyewe. Mfano: 20230714_S2_lukuledi_ndvi_32737.tif. Msiache nafasi kati ya maneno.

Mwanafunzi_Lukuledi:
Asante sana kaka. Hiyo 32737 ya mwisho ni ya nini?

Mpima_Ardhi:
Ni namba ya projeksheni, yaani mfumo wa kuilaza dunia kwenye ramani: UTM kanda ya 37 kusini. Sentinel ya huku inakuja hivyo. Landsat ya eneo lilelile inakuja na 32637, yaani kanda ya 37 kaskazini, na namba zake za kaskazini zinasomeka hasi kwa sababu tuko chini ya ikweta. QGIS, programu ya ramani, itazilaza moja juu ya nyingine vizuri kabisa udhani hakuna tofauti, hadi utakapoanza hesabu ya kutoa thamani za picha moja kutoka kwa nyingine. Badilisheni zote ziwe 32737 zinapoingia KAZI. Mkipata ramani za karatasi za zamani, tazameni pia kama ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani.

Mtu_wa_Pwani:
Dada au kaka, yote hayo sawa, ila huo ni mlango wa mto. Andikeni na hali ya maji! Setilaiti inapita saa zilezile za asubuhi, na kwa pwani yetu siku za bamvua muda huo maji yamekupwa, siku za maji mafu yamejaa. Mililana, aina ya mikoko ya mbele kabisa, upande wa bahari, ikizungukwa na maji inaweza kusomeka kama bahari. Mkilinganisha picha ya maji kupwa ya mwaka mmoja na ya maji kujaa ya mwaka mwingine, mtaandika kwamba mikoko imekatwa kumbe imesimama palepale. Mashamba ya chumvi nayo kiangazi yanang'aa meupe, masika yamejaa maji. Chagueni picha za Juni hadi Oktoba, mawingu nayo ni machache.

Haya hayaenei kwenye jina la faili. Fungueni jedwali moja, liiteni daftari la picha: jina asili, tarehe, mawingu, hali ya maji, nani aliikata, faili gani lilitoka. Msimamizi akiuliza, mnamfungulia hilo.

Bendi_Nane:
Kwenye daftari hilo ongezeni safu ya N. Ndani ya jina la Sentinel kuna N na tarakimu nne, ni toleo la uchakataji. Tangu tarehe 25 Januari 2022, kuanzia N0400, thamani za pikseli (vijiraba vya picha) zimeongezwa 1000. Usipoiondoa, NDVI inashuka na mikoko inaonekana imedhoofika. Msitegemee tarehe ya picha, kwa sababu picha za zamani zimechakatwa upya na nyingi sasa zina N0500. Angalieni N yenyewe.

Mwanafunzi_Lukuledi:
Hili hatukulijua kabisa, na ripoti ingebeba uongo kuhusu mikoko ya watu. Tunaanza na daftari leo. Swali la mwisho: kigae kimoja kinakaribia GB 1, tutatunzaje nakala kwa bando la mwanafunzi?

Mpima_Ardhi:
GHAFI wekeni kwenye diski mbili za nje, zikae nyumba mbili tofauti. Ikipotea, mkiwa na majina asili mtaipakua tena. Mtandaoni pandisheni daftari, KAZI na MATOKEO tu. Mkishakata ghuba ya Lindi peke yake, mafaili yanakuwa madogo. Na shapefaili (mafaili ya michoro ya ramani) za mipaka ya mikoko zibebeni na wenzake wote, .shp, .shx, .dbf na .prj, kwenye zipu moja.