Bluegrass haina drams, sasa hii mbio inatoka wapi?

Mpenzi wa Nyuzi, Nakuru

Wadau habari zenu. Mimi ni mtu wa kantri tangu utotoni, mnajua nyumba za huku, Jumapili asubuhi lazima Jim Reeves na Kenny Rogers na mzee hataki kusikia kingine. Sasa majuzi YouTube imenipeleka kwa Bill Monroe, yule wa bluegrass, kantri ya nyuzi tupu ya Marekani, kutoka hapo kwa Flatt na Scruggs, na sijatoka huko mpaka leo. Kinachonisumbua ni hiki: hakuna drams, hakuna kinanda, hakuna gitaa la stima, ni watu watano tu wamevaa suti na kofia wamezunguka maiki moja, banjo, mandolini (kile kigitaa kidogo), fidla, gitaa na besi, lakini muziki unakimbia mpaka nikijaribu kupiga makofi najikuta nimeachwa. Biti iko wapi? Alafu la pili, mama watoto anadai nyimbo zote ni wimbo mmoja. Nimuanzishie na nini?

Fundi Besi, Dar

Mkuu biti ipo, ila wamegawana. Anza na besi, lile dude la kusimama, linapiga moja na tatu basi. Sasa kwenye mbili na nne itafute mandolini. Jamaa anakata nyuzi zote kwa mpigo mmoja halafu papo hapo analegeza vidole vya mkono wa kushoto ili sauti ife, inabaki "chak" kavu. Hiyo chak ndo snea yako, ile ngoma kavu ya kwenye drams. Vaa spika za masikioni, usisikilize kingine chochote wimbo mzima, fuata hiyo tu, ukishaipata hutaweza tena kutoisikia.

Kinachokuvuruga wewe ni banjo. Earl Scruggs anapiga kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, kwenye gumba kavaa kucha ya plastiki na hivyo viwili vina kucha za chuma, na vinapokezana bila kupumzika, noti nane ndani ya kila mapigo manne. Sasa piga hesabu, vidole vitatu kwenye noti nane haviingii sawasawa, kwa hiyo mkazo unaangukia tatu, tatu, mbili. Ndo maana mguu wako unaenda huku na masikio yanaenda kule 😀 na hiyo tatu-tatu-mbili sio ngeni kwako, sikiliza rumba yoyote.

Scruggs aliingia bendi ya Monroe mwishoni mwa 1945 na wengi wanahesabu bluegrass imezaliwa hapo, ingawa Monroe na Blue Grass Boys wake walikuwa Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha kantri kule Nashville, tangu 1939. Jina la bendi likageuka jina la muziki wenyewe. Flatt na Scruggs wakaondoka 1948 wakaanzisha yao.

Kwa shemeji usianze na banjo, utampoteza. Anza na sauti. Mpe Alison Krauss, au Stanley Brothers wakiimba nyimbo za kanisani, hawa watu kila bendi ina nyimbo za dini za sauti nne, mtu aliyekulia kwaya anaelewa hapohapo. Akishazoea mpe Molly Tuttle, yule dada ndo mwanamke wa kwanza kuchukua tuzo ya mpiga gitaa bora wa bluegrass mwaka 2017, na anavyopiga utadhani ana mikono mitatu.

Jaduong Asiyecheka

Mniwie radhi lakini hii si ni muziki ya wazungu wa milimani? Sisi tunatafuta nini huko? Tuko na benga, tuko na nyatiti, omutibo, ile gitaa ya Waluhya, ya George Mukabi mumeiacha ikifa hivi hivi mkiangalia, alafu mnajifunza kuhesabu vidole vya Scruggs. Ni swali tu, msinirukie.

Zeze la Dodoma

Hatukurukii kaka ila kaa kitako. Banjo imetoka kwetu Afrika. Wajola wa Senegal na Gambia mpaka leo wana akonting, ni kibuyu kimewambwa ngozi, mti umepenya katikati, nyuzi tatu, na mmoja kati ya hizo ni mfupi, unapigwa na gumba. Angalia banjo ya nyuzi tano, ule uzi mfupi unaoanzia katikati ya shingo unafanya kazi gani? Gumba. Watu waliotekwa wakauzwa utumwani ndo waliokuwa wakitengeneza vyombo vya namna hiyo Karibiani na Marekani, wazungu walikuja kuvichukua baadaye sana, tena wengine wakipanda jukwaani wamejipaka masizi usoni kuwacheka weusi hao hao. Hiyo sehemu haipendezi kusimuliwa ndo maana hawaisimulii sana.

Na Monroe mwenyewe, alipokuwa kijana huko Kentucky, alikuwa anampigia gitaa mtu mweusi anaitwa Arnold Shultz kwenye madansa ya usiku kucha. Shultz alikufa 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja, inauma sana hii, lakini Monroe hakuficha, alisema wazi kwamba ile bluzi iliyomo kwenye muziki wake alianza kuipata kwa huyo mzee.

Halafu kuna hii ambayo vijana wa bongo wengi hawaijui. Mwaka 2005 Béla Fleck, huyo ni moto wa banjo, alibeba banjo yake akaja Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kutafuta ilikotoka. Hapa kwetu akakutana na Anania Ngoliga, msanii wetu asiyeona, na ilimba yake, kile chombo cha Wagogo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa gumba. Tafuteni hiyo rekodi tafadhali. Unasikia ilimba inauliza banjo inajibu, hakuna anayemfunika mwenzake, na baadaye Ngoliga na mpiga gitaa John Kitime walienda kuzunguka naye huko Marekani wakipiga kwenye majumba makubwa. Sasa niambie huo ni muziki wa nani.

Chai ya Kericho

Kwani hakuna mtu atataja Chemirocha?? Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alikuja huku kwetu kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, wasichana wakamwimbia wimbo wa Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyekufa 1933, santuri zake zilikuwa zimefika huku na gramafoni za wazungu. Wasichana wakamuimba kama kiumbe nusu mtu nusu swara, wakimwalika aje acheze ngoma. Ati sauti inatoka kwa sanduku na mtu haonekani, ungefikiria nini? Mimi ukiniuliza ule wimbo unazidi nyingi za Rodgers mwenyewe, na wengi walioupenda huko nje hawajui Kericho iko wapi.

Mtoto wa Bukavu

Jambo bandugu. Mimi naishi Kentucky yenyewe, Bowling Green, hapa Kiswahili utakisikia dukani, kanisani, kiwandani, Wakongo tuko wengi. Rosine alikozaliwa Monroe si mbali sana na kwangu, ndiko walimzika pia 1996. Kuna ghala moja la mbao pale, Ijumaa jioni watu wanakuja kupiga. Jukwaani wanapiga wenye bendi, lakini utamu uko nje, watu wanakaa duara na vyombo vyao.

Ile duara ina adabu yake. Anayeanzisha wimbo anataja kii tu, yaani sauti wimbo unapoanzia, "G" ama "A", hakuna karatasi. Akimaliza kuimba ubeti anakutazama na kutikisa kichwa, maana yake solo ni yako sasa, kama hauwezi unatikisa kichwa hapana na inapita kwa jirani, hakuna anayekucheka. Mmoja akipiga solo wengine wote wanashusha sauti, mandolini inabaki na ile chak anayosema Fundi. Karibu na mwisho aliyeanzisha anainua mguu mmoja hewani, wote wanajua tunafunga.

Mimi nilienda na gitaa, nikapiga Masanga ya Mwenda Jean Bosco, hiyo ya 1952, gumba na kidole kimoja tu kama wazee wetu wa Katanga walivyopiga. Mzee mmoja wa banjo akaniambia rudia polepole. Nikarudia. Akaniomba tena. Mpaka anatafuta namna ya kuiingiza kwenye banjo yake watu wengine wameshaenda kunywa kahawa. Nikamwambia Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport hapa Amerika mwaka 1969, akashangaa sana, akaandika jina kwenye mkono.

Jaduong Asiyecheka

Sasa hiyo ya Masanga kwa banjo ndiyo nataka kusikia. Bukavu ukirudi huko rekodi hata kwa simu, weka hapa. Hayo mengine ya Scruggs bado tutaongea.

Mpenzi wa Nyuzi, Nakuru

Chak nimeipata!! Nimeirudia mara nyingi mpaka watoto wanaifanya na mdomo. Mama watoto amekubali Stanley Brothers, amesema hao wanaimba kama watu walio na shida ya kweli, Alison Krauss akasema ni wa kulala nayo. Swali la mwisho: nikitaka kujifunza banjo kuna moja naona inauzwa mtandaoni, ina nyuzi nne, bei ni nzuri sana.

Fundi Besi, Dar

Usinunue! Ya nyuzi nne ni ya jazi na muziki wa Waairishi, haina ule uzi wa gumba, Scruggs hatoki humo hata uombe. Subiri ya nyuzi tano. Kwa sasa chukua gitaa lako la kawaida, gumba, shahada, kati, gumba, shahada, kati, gumba, kati, polepole kabisa, usiongeze mwendo mpaka zilingane. Na fanyia nje, shemeji bado yuko kwenye majaribio.