Riwaya za malkia: acheni kutuuzia kasri lisilo na milango

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitazunguka. Sisi tunaopenda riwaya za kihistoria za makasri na malkia tunauziwa uvivu. Kosa ni lile lile kila kitabu: mtu yeyote anaingia popote. Kijana asiye na cheo anapenya mpaka kitandani kwa malkia usiku wa manane, ananong'ona siri yake, anatoka. Hakuna bawabu, hakuna mjakazi, hakuna hata mmoja wa kumuuliza "wewe nani?"

Chukueni Uingereza ya Mfalme Henry VIII, karne ya 16, maana ndiko waandishi hawa wanakopenda kutupeleka. Kasri lilikuwa vyumba vinavyofuatana, na kila mlango ulichuja watu. Ukumbi mkubwa, kisha chumba cha walinzi, kisha chumba cha hadhara chenye kiti cha enzi, ambako wenye heshima zao walisimama wakingoja. Baada ya hapo ndipo chumba cha faragha, na nyuma yake malazi. Malkia alikuwa na mfululizo wake mwenyewe. Mwaka 1526 Kardinali Wolsey, waziri wa mfalme, alitoa kanuni za kasri zilizoitwa kanuni za Eltham, zikapunguza wahudumu wa chumba cha faragha cha mfalme hadi 15. Watu 15, katika nyumba yenye mamia! Mtu kupata nafasi humo ni habari ya kujaza sura nzima, lakini mwandishi anaimaliza kwa sentensi moja.

Na mkubwa wa wahudumu hao alikuwa nani? Yule aliyemhudumia mfalme chooni. Msicheke, cheo hicho kiligombewa, kwa sababu mwenye nacho alikaa na mfalme faraghani na wenye maombi walilazimika kupitia kwake. Henry Norris ndiye aliyekuwa nacho alipokatwa kichwa tarehe 17 Mei 1536, siku mbili kabla ya Malkia Anne Boleyn, mke wa Henry, aliyetuhumiwa kuzini naye. Kwenye riwaya anaitwa "rafiki wa mfalme", basi, imetoka hiyo.

Milango hii si pambo, ndiyo fitina yenyewe. Mashtaka hayo ya uzinzi dhidi ya Anne yalitaja siku na mahali, na baadhi ya siku hizo hakuwepo hapo palipotajwa. Tena hakuna mwanamke wa kumhudumia hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kumsaidia, ilhali malkia hakuwahi kulala bila watu karibu. Linganisheni na Catherine Howard, mke mwingine wa Henry. Katika ziara ya kaskazini mwaka 1541, ili Thomas Culpeper, mhudumu wa mfalme, amfikie kwa siri, zilihitajika ngazi za nyuma, usiku, na Jane Boleyn, mmoja wa wanawake waliomhudumia malkia, wa kupanga na kukesha. Pale mjini Lincoln mlinzi wa zamu alikuta mlango wa nyuma uko wazi, akaufunga. Culpeper na mtumishi wake wakachokoa kitasa mpaka kikafunguka. Mlango, kitasa, mtumishi anayejua, mwanamke anayejua: kila kimoja ni shahidi wa kesho. Februari 1542 Catherine na Jane waliuawa siku moja. Ukiondoa mlango, umeondoa na shahidi, na hadithi imekufa.

Uzazi nao wanauharibu vibaya. Mume anamshika malkia mkono wakati wa uchungu! Malkia alijitenga wiki kadhaa kabla, madirisha yakafunikwa kwa mazulia ya ukutani, wanaume wote wakatolewa. Anne Boleyn aliingia kasri la Greenwich tarehe 26 Agosti 1533, binti yake Elizabeth akazaliwa 7 Septemba. Malkia Mary I, binti wa Henry, alijitenga kasri la Hampton Court Aprili 1555, na mwishoni mwa mwezi huo uvumi kwamba amejifungua mtoto wa kiume ukaenea London, kengele zikapigwa. Mtoto hakuwepo. Alitoka Agosti mikono mitupu. Uvumi ule ulipata nguvu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Nguo vilevile. Mwanaume anavuta kamba moja, gauni linaanguka. Lilikuwa na shumizi ya kitani, gauni la ndani, gauni la juu, na mikono inayofungwa au kubanwa pembeni kwa pini. Mwenye nguo hizo alihitaji mtu wa kumvua, na mtu huyo ana macho na mdomo.

Kasri la Versailles, Ufaransa, wanawaketisha wote mbele ya malkia, wakati kiti kidogo kisicho na mgongo kilikuwa haki ya duchess (mke wa mwenye cheo cha duke) na wengine wachache, na waliosimama waliona uchungu.

Wakihamia Afrika ndiyo balaa, wanabeba utaratibu wa Uingereza mzima mzima. Buganda mwana wa kwanza wa kiume wa Kabaka kwa kawaida harithi. Watoto wa Kabaka hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mfalme anaweza kutoka koo mbalimbali. Namasole, mama wa Kabaka, alikuwa na kasri na watu wake mwenyewe. Fitina hiyo imekaa tayari, halafu mtu anatuandikia mke mwenye wivu na mrithi mkubwa!

Wachapishaji, mnatuwekea ukurasa wa nasaba mwanzoni. Wekeni na ramani ya vyumba, mhariri aishike anaposoma kila tukio la siri: nani alifungua mlango, nani amelala chumbani, nani alimvua gauni, na siku hiyo malkia alikuwa kasri lipi.

Wenye mifano mingine ongezeni hapa chini. Tajeni tukio, mlango uliorukwa, na nani alipaswa kusimama hapo.