Makochi ya damu ya mzee, vigae vya krimu: sebule nipake rangi gani?

Mpangaji_wa_Sebule: Habari wakuu. Sebule ni mita 5 kwa 4, kimo mita 2.7, mlango mmoja, dirisha la mita 2 kwa 1.5 linalotazama magharibi. Vigae ni vya krimu vyenye mishipa ya kahawia, makochi damu ya mzee, dari nyeupe. Kuta zimeshapigwa skimu (lipu laini ya mwisho). Mama watoto anataka kijivu, mimi krimu. Nani yuko sahihi, na ninunue lita ngapi?

JichoLaRangi: Wote mmekosa kidogo. Anza na visivyobadilika: vigae na makochi vyote vina wekundu au unjano ndani yake. Kijivu kingi cha dukani kina bluu iliyojificha, na kando yake vigae vitaonekana vimechakaa. Krimu nayo, jua la saa kumi jioni likiingia, inageuka siagi. Chukua kijivu chenye asili ya kahawia, mfano wa mchanga uliolowa, lakini chepesi. Ukitaka kuijua asili yake, laza kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe ya kuchapia. Bluu ikiwepo itajitoa yenyewe.

Mito na pazia weka kijani cha ugoro. Kijani kinakabiliana na wekundu, kwa hiyo makochi yatasimama, ila kiwe kimefifia. Kijani cha bendera hapo ni ugomvi. Na msipake ukuta wa nyuma ya makochi damu ya mzee: yatazama humo.

Rola9: Hesabu: mzunguko 18 × 2.7 = 48.6. Toa dirisha na mlango, kama 5, inabaki mita za mraba 43.6. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 87. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, basi lita 8.7. Makopo mawili ya lita 4 hayatoshi, ongeza la lita 1. Ikichanganywa kwa mashine, nunua zote siku moja uzimimine kwenye ndoo moja, maana mchanganyo wa wiki ijayo unaweza kupishana kidogo na mstari ukaonekana.

Skimu ikikauka kabisa, piga msasa namba 180, futa vumbi, kisha praima (rangi ya msingi) mkono mmoja. Vumbi likibaki, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

JichoLaRangi: Kabla ya kununua zote, paka kadibodi ya sentimita 60 kwa 60 mikono miwili. Isimamishe kila ukuta, uitazame asubuhi, saa kumi jioni na usiku taa zikiwaka. Taa nyeupe kali za 6500K (namba ya K kwenye boksi huonyesha rangi ya mwanga) zitatia ubluu kwenye rangi yoyote. Weka za 3000K au 4000K kwanza, ndipo uamue.

Mpangaji_wa_Sebule: Silki (yenye mng'ao) au mati (isiyong'aa)?

Rola9: Jua lako la jioni litapita ubavuni mwa kuta mbili za pembeni, na silki itaonyesha kila wimbi la skimu. Mati, ila ile inayooshika. Mati ya kawaida ukiifuta alama za vidole vya watoto, inabaki baka linalong'aa.